Tunda la Mwegea

Hata leo nikiikumbuka ile bustani, damu hunichemka. Ilikuwa miaka ya tisini, na kaka yangu alikuwa amechukuliwa na maji ya mto Nzoia mvua ilipozidi. Tulimtafuta mpaka tukachoka, maiti hatukuiona. Kwetu mtu kama huyo huzikwa kwa tunda la mwegea, lile refu, zito, linaloning'inia mtini kwa kikonyo kama kamba. Unalilaza kaburini mahali pake, naye anatulia. Na kaburi likishachimbwa halilali wazi, la sivyo litaita mwingine afe.

Kaburi kule kwetu Mayoni lilichimbwa asubuhi, ndipo wazee wakauliza tunda liko wapi. Liwe wapi? Miegea yote tulikuwa tumeing'oa wenyewe tupate pa kupanda miwa. Mtu akasema upo mmoja Kakamega mjini, katika bustani kubwa ya mimea waliyoiacha wazungu. Mama akajifunga leso, nikamfuata.

Msimamizi wa bustani, bwana mmoja wa huku huku kwetu, alitupokea kana kwamba tumekuja kutalii. Mama anaeleza shida yake, yeye anatupeleka kwenye nyumba za vioo! Mungu wangu! Joto la humo lingeivisha ndizi. Maua ya msituni Isecheno, yanayojiotea tu juu ya miti bila kuombwa, yalikuwa yamefungiwa vyunguni, kila moja na jina la kizungu shingoni. Na juu ya meza, tunda la mwegea, limekauka, kando yake kibao: Usiguse.

"Mama, hapa hakuna kutoa kitu," akasema. "Hata jani. Ni vya utafiti."

"Baba, kaburi liko wazi," Mama akamwambia polepole. "Sisi tunazikanga na hili. Wewe hujui?"

"Najua, Mama. Lakini sheria ni sheria."

Anajua! Hapo ndipo nilipotaka kumrukia. Angekuwa mgeni ningemsamehe, lakini huyu amekuzwa kwa obusuma, ugali wetu, kama sisi, na matanga ya kwao ameyakalia. Nikamwuliza matunda yakianguka huyafanyia utafiti gani. Akatufungulia mlango tutoke.

Tulipotoka nje tukauona mwegea wenyewe. Chini yake matunda yalikuwa yanaoza, mengine yamepakiwa kwenye toroli yakamwagwe shimo la taka. Shimo la taka! Na kaka yangu hana cha kulazwa kaburini! Nilifoka mpaka wageni waliokuwa wakipiga picha wakageuka kututazama.

Mama hakuwa na habari nami. Aliinama kwenye toroli, akachagua tunda lisilo na doa, akalifuta udongo kwa kiganja, akalibeba mgongoni na kulifunga kwa leso. Kisha akaelekea langoni.

Msimamizi akatukimbilia, akasimama mbele yetu. Ncha ya tunda ilichomoza wazi juu ya bega la Mama.

"Mama, umebeba nini hapo?"

"Mwanangu," Mama akasema. "Nampeleka nyumbani. Nipishe, jua linakwenda."

Yule bwana akatazama chini, kisha akafungua lango mwenyewe. Sikumshukuru, na mpaka leo sijamsamehe. Njia nzima Mama alikuwa akilipigapiga lile tunda mgongoni, taratibu, kama alivyotubembeleza sote.