Uliza, Utajibiwa

Maneno hayo niliyaandika mwenyewe, wala sikuwa nimelewa. Tulikuwa tumemaliza programu ya simu ya kumsaidia mkulima kuutambua mapema mnyauko wa migomba. Ni programu huria, yaani bure, na yeyote anayejua kazi anaruhusiwa kuangalia ilivyotengenezwa na kuirekebisha. Ikahitaji kauli mbiu. Nikaandika: "Uliza, utajibiwa." Chini yake, mjinga mimi, nikaweka namba yangu ya simu.

Basi wakauliza. Watu wa Izimbya wakauliza, wa Maruku wakauliza, na mtu mmoja wa huku huku Muleba akauliza mgomba wake una nini, akanisimulia na talaka ya dada yake. Kipaimara cha binti yangu nilikisikilizia nje ya kanisa, simu sikioni, nikimwelekeza mzee namna ya kupiga picha jani. Nilipoingia, binti alikuwa ameshabarikiwa na kurudi kukaa. Hakunitazama. Siku hiyo niliapa: maneno haya yataondoka, au nitaondoka mimi.

Nikaita kikao. Tunaojitolea ni watano, na kawaida tunakutana Bukoba mjini, kwenye chumba cha kukodi juu ya duka la pembejeo. Mwezi ule mama yangu alikuwa anaumwa, nikawaambia njooni kwangu. Hapo ndipo nilipojifunga kamba. Kwetu mgeni akifika unamletea kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna. Akishazitafuna, wewe ni mwenyeji, na mwenyeji hagombani na mgeni kwenye kibanja, shamba la nyumbani la baba yake. Nilikipitisha kile kikapu kidogo mimi mwenyewe, natabasamu, ndipo nikakumbuka kwamba watu hawa nimewaita tubishane. Mawe, ole wangu!

"Kauli mbiu mpya," nikasema kwa upole wa mchungaji. "Ni yako, itengeneze."

Aliyenijibu ni mama mmoja wa Maruku, mkulima, ndiye aliyeitafsiri programu yote kwa Kihaya. Akiniita "mwanangu" najua nimekwisha.

"Mwanangu, mtu kaja kwako mgomba unamfia, unamwambia itengeneze? Waitu jamani, huko si kumfukuza?"

Wenzangu wakacheka. Mama yangu naye, kutoka chumbani alikolala, akaitikia kwamba ndiyo, huko ni kufukuza. Hata mgonjwa alikuwa na kura! Tungekuwa mjini ningepiga meza. Nilimwongezea mgeni chai.

"Simfukuzi mtu," nikasema. "Nimechoka. Mke wangu siku hizi anazungumza na kisogo changu. Programu ni yetu sote, kwa nini niibebe peke yangu?"

Nikadhani nimeshinda. Yule mama wa Maruku akaweka kikombe chini.

"Sawa, ni yetu. Mimi leo nikitaka kurekebisha neno moja la Kihaya, nafanyaje?"

"Unanitumia, naliingiza."

"Na hawa wenzangu?"

"Vivyo hivyo."

"Nywila ya kuingilia anayo nani mwingine?"

Nilikitazama kile kikapu. Hakuna aliyekuwa nayo. Kusoma kila mtu anasoma, lakini kubadilisha ile wanayoitumia wakulima, ni mimi tu, miaka yote. Nilikuwa nawaambia ni kwa ajili ya usalama. Mmoja wao, anayeijua kazi hii kunishinda, alishaniomba mara mbili nikamzungusha. Alikuwa amekaa pale pale, anatafuna kahawa zangu.

"Maneno badilisha tu, mwanangu," yule mama akasema, wala hakuwa na hasira. "Sisi hatuna neno. Ila tuandikie nywila kwanza." Akanisogezea daftari lake la tafsiri, ukurasa mtupu, kalamu juu yake.

Nilitaka kuandika, haki ya Mungu. Nilishika kalamu, nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya wageni. Nilijiuliza, wasiponipigia mimi, mimi ni nani? Mwenye migomba mitatu na mama mgonjwa.

Simu ikaita mfukoni.

"Iache iite," akasema yule mama. "Andika."

Wote wanne walikuwa wananitazama. Nikailaza kalamu juu ya ukurasa mtupu, nikasimama, nikatoka na simu hadi migombani.

"Haloo," nikasema. "Uliza tu."