Maji ya Maman Mujinga

"Tonton, hii maji haiko moto sana?"

Sephora alikuwa na miaka sita, na aliuliza huku akipuliza kidole alichokuwa amekichovya kwenye beseni. Dady, mdogo wa mama yake, alikuwa amekaa kwenye kiti cha jikoni, mguu wa suruali umekunjwa hadi pajani. Alimtazama Maman Mujinga, mama yake mzazi na koko, yaani bibi, wa Sephora, aliyekuwa akikamua taulo katikati ya mvuke, kisha akasema tu:

"Wacha koko atumike kazi yake."

Ilikuwa Ijumaa mchana, Oktoba 2006, kwenye ghorofa moja ya Evere, mtaa wa Brussels. Kesho yake Dady alitakiwa awe Ujerumani.

Nyumbani hakuna aliyewahi kuelewa vizuri alichokuwa anakitafuta. Mpira wa kawaida wangeuelewa. Kila familia ya Katanga hapa Brussels ina kijana anayesema atakuwa mchezaji. Lakini Dady alicheza futiboli ya Kimarekani, ile ya mpira wenye ncha mbili, kofia ngumu na mabega ya plastiki. Yeye alikuwa running back: anawekewa mpira tumboni, anaukumbatia, anatafuta tundu kwenye ukuta wa miili na kupita kabla halijafungwa. Siku Papa Tharcisse, baba yake, alipoiona ile kofia mara ya kwanza, aliigonga kwa kifundo cha kidole. Alikuwa amefanya kazi migodini Likasi ujana wake wote.

"Bon. Mi nilivaa casque juu ya kutafuta chakula yenu. Weye unavaa casque juu ya kucheza?"

"Papa, kule Amerika wanalipwa."

"Hapa haiko Amerika. Hapa ni Evere."

Maman Mujinga hakusema hata hayo. Kila Jumapili mwanawe alirudi amejaa matope, naye alizitia zile nguo kwenye mashine bila kuuliza nani alishinda. Miaka minne hivyo hivyo. Kimya chake kilimchosha Dady kuliko mazoezi yenyewe, na mazoezi yalikuwa yanachosha. Mchana alikuwa brancardier hospitalini Woluwe, akisukuma wagonjwa vitandani kutoka wodini hadi kwenye picha za eksirei na kuwarudisha. Jioni alipanda basi na begi lake hadi uwanjani, akaangushwa kwenye tope baridi, akainuka, akaangushwa tena. Asubuhi, vitanda.

"Running back ni kama yaourt, mtindi wa kopo," kocha wake, Hilaire, alipenda kumwambia. "Tarehe imeandikwa kwenye kifuniko. Una miaka ishirini na miwili, Dady. Ukifika ishirini na saba, hakuna atakayekufungua."

Ndiyo maana Hilaire alihangaika miezi mizima, akipiga simu huku na huku, hadi akampatia nafasi kwenye majaribio ya ile ligi ya kulipwa ambayo Wamarekani walikuwa wameileta Ulaya. Jaribio moja tu. Akifaulu, atalipwa ili akimbie. Akishindwa, ni vitanda.

Halafu Jumapili ya mwisho kabla ya safari, jitu moja la timu pinzani likamwangukia gotini.

"Barafu na kupumzika," alisema Hilaire. "Usiguse kingine chochote."

Dady alitii. Alikaa na barafu wiki nzima, na kufikia Ijumaa uvimbe ulikuwa umenywea, akashuka ngazi bila kushika ukuta. Alikuwa jikoni akifunga begi wakati Maman Mujinga aliporudi kutoka maduka ya Saint-Josse na mfuko wa chumvi ya mawe na kikopo cha mafuta ya kuchua. Kule Likasi yeye ndiye aliyeitwa kuwakanda wanawake waliotoka kujifungua; mtaa mzima uliijua mikono yake. Alibandika sufuria kubwa, akavuta kiti.

"Kaa."

"Maman, kocha alisema barafu."

"Barafu ni ya samaki. Mutoto yangu ataenda kwa bazungu na muguu ya kuvimba? Donc watasema hana mama. Kaa."

Dady alijua. Hospitalini alishaona magoti ya kutosha. Alijua jeraha bichi ukilipasha moto linafura upya. Alifungua mdomo aseme. Lakini ilikuwa mara ya kwanza mama yake kuitaja ile safari, na alikuwa ameshavua koti, amekunja mikono ya blauzi. Akakaa.

Hapo ndipo Sephora alipochovya kidole na kuuliza swali lake.

Maman Mujinga alikanda polepole, kwa nguvu, akimwombea kwa sauti ya chini. Katikati ya sala akauliza:

"Ule mupira, ukishaushika, unakimbia nao wapi?"

Dady alidhani hakusikia vizuri. Kisha akachukua vijiko mezani, akavipanga: hawa ni wetu, hawa ni wao, hapa ndipo ninapopita.

"Na wanakuangusha juu ya nini? Uliwakosea nini?"

"Juu niko na mupira, Maman."

"Basi uwape!"

Wakacheka mpaka mvuke ukawaingia puani, na Sephora naye akacheka bila kujua kinachochekesha. Maman Mujinga akatia maji mengine ya moto.

Asubuhi, ndani ya gari la Hilaire, goti lilikuwa limejaa kama unga ulioumuka. Hilaire alilitazama, akamtazama mwenyewe.

"Umefanya nini?"

"Nimelala vibaya."

Hilaire aliwasha gari, wakaelekea mpakani. Kule uwanjani Dady alikimbia. Kukimbia moja kwa moja, aliweza. Shida ilikuja pale pa kukata kona ghafla ili kuingia kwenye tundu: aliliona tundu, likamsubiri, goti likakataa. Wapo waliokuwa wepesi kuliko yeye hata angekuwa mzima, hilo aliliona pia. Mmarekani mmoja mwenye filimbi alimpa mkono, akamshukuru kwa kuja.

Jumatatu alisukuma vitanda.

"Mwaka ujao," alisema Hilaire. Lakini kiangazi kilichofuata ile ligi ikafungwa, na mwaka ujao haukuja.

Dady alicheza misimu michache zaidi na klabu yake, kila mmoja mzito kuliko uliotangulia, kisha ile kofia ikapanda juu ya kabati. Kanisani Maman Mujinga aliwaeleza watu kila mara: "Mi mwenyewe nilimukanda. Alienda na muguu muzuri kabisa. Ni ligi njo ilifunga." Dady, akiwa amekaa pembeni yake, aliitikia kwa kichwa. Miaka kumi aliitikia.

Mwaka 2016 Sephora alikuwa na miaka kumi na sita. Wiki hiyo shuleni walifundishwa huduma ya kwanza. Alipotoka alipitia Woluwe, akamkuta mjomba wake kituoni akisubiri basi, bado amevaa viatu vyeupe vya kazi, mguu wa kulia ameunyoosha mbele kwa sababu mvua ilikuwa inakuja na goti lilishaanza kuuma.

"Tonton, leo walitufundisha. Goti ikivimba, ni barafu. Maji ya moto inaharibu."

"Njo vile," alikubali Dady.

"Koko anajua?"

"Hapana. Na usimwambie."

Basi lilitokea kwenye kona, likajaa watu, likaondoka bila wao. Dady alilipapasa goti lake. Swali la Sephora lilikuwa limeshaulizwa zamani, mbele ya beseni, na wote wawili walilikumbuka.

"Ile maji ilikuwa moto sana," akasema Dady. "Lakini ni koko mwenyewe njo aliitokotesha."