Mihogo Mbele ya Mvua

Bwana yangu Atumani anatengeneza pikipiki hapa Buyenzi, lakini ukimuuliza kazi yake, atakuonesha mawingu. Wallahi! Kila mchana anafunga simu kwa nguzo ya uwanja na kamba ya mupira wa tairi ya velo, anaigeuzia milima ya Congo, simu inapiga picha moja moja mpaka magharibi. Kisha anazikimbiza, masaa mengi yanapita kwa dakika moja, mawingu yanapanda na kuvunjika. Ni vizuri, siwezi danganya. Lakini mutu muzima, mikono mafuta tupu, ameketi anachekea mbingu!

Kitu kimoja kilimuuma. Hakuwahi pata mvua nzima, toka kawingu kadogo juu ya Uvira, kule Congo ng'ambo ya ziwa, mpaka tone la kwanza kwetu. Mara mutu anapiga simu, picha inakatika. Mara batri inakufa.

Mwezi wa tano, kiangazi iko mulangoni, kawingu kakatokea. Atumani akatoa kadi ya simu ili mutu asimupigie, akakata chupa ya maji, akaivika simu isilowe.

"Mama Moubarak, tafadhali, leo mutu asipite hapa mbele. Ikinipita hii, ni mpaka septembre."

"Na mihogo yangu?"

Nilikuwa nimeianika kwa mukeka, mbele ya simu kabisa. Ndiyo ilikuwa unga yetu.

"Mvua haitafika mbio."

Haitafika! Upepo ukaanza kupiga mabati, giza ikashuka. Mi nikasimama mulangoni, roho inanichoma. Niache mihogo ioze? Ao nimuharibie mutu kitu anachopenda hivi? Tone likanipiga kwa pua, na bado nimesimama, mujinga mimi.

Atumani ndiye aliruka wa kwanza. Alipita mbele ya simu yake mwenyewe, akapiga magoti, akaanza kujaza mihogo ndani ya kanzu.

"Unaangalia nini? Kuja!"

Jioni akafungua video. Mvua yote imo, nzima, toka Uvira. Na pale mwisho, matako ya Atumani yanafunika mbingu, kisha sisi wawili tunakimbia kama kuku.

"Kata pale mwisho," nikamwambia.

"Apana. Iko hivyo."

Sasa anaionesha kila mutu anayeleta pikipiki. Wanacheka mpaka machozi, wanamwambia rudisha, anarudisha. Mi nacheka nao. Lakini miaka yote hii aliingoja mvua ile, na alipoipata, alikimbilia mihogo yangu.