Mabenchi Matupu ya Sista Pasi

Dada yangu alikuwa muuguzi wa zahanati, na wagonjwa wake walimwita Sista Pasi, maana hata maji yakatike wiki nzima, gauni lake la kazi lilikuwa jeupe na limenyooka, mkunjo wake ungekata kitunguu. Mimi ni mdogo wake. Nashona nguo mjini, na ulimi wangu ni mkali kuliko mkasi wangu, kwa hiyo mnisamehe mapema.

Zahanati ile ilikuwa na muuguzi mmoja tu. Kuchanja watoto, yeye. Kufunga vidonda, yeye. Kuzalisha, yeye, aitwe saa yoyote. Baba wa mtoto wake alikuwa ameshajiendea zake. Siku moja dada alirudi kutoka kuzalisha akamkuta binti yake, ndiyo kwanza anajifunza kutembea, kalala sakafuni mlangoni, sauti imemkauka kwa kulia. Akamleta kwangu.

"Ni kwa muda tu, mdogo wangu. Wakiniletea muuguzi mwenzangu, siku hiyohiyo namfuata."

Nikasema sawa. Nilidhani ni mwezi, au miwili.

Na huyo mwenzake hakuwa ndoto. Kila mwaka maofisa wa mipango ya afya walizunguka zahanati zote kuangalia wapi pamezidiwa, ili huko ndiko wapeleke waajiriwa wapya. Sasa sikia alichofanya dada yangu.

Mwaka mmoja nilimpeleka binti akamwone mama yake, nikaangukia siku ya ugeni. Jana yake dada alipita nyumba kwa nyumba. "Jamani, kesho tuna wakubwa. Wa chanjo mje keshokutwa. Tusiaibishane." Na watu walivyompenda, wakatii! Asubuhi sakafu inang'aa, mapazia yamefuliwa, mabenchi matupu. Wagonjwa waliozidiwa aliwaficha uani kwa jirani, nami nikapewa kazi ya kuwanyamazisha watoto wao kwa biskuti. Dirisha la zahanati lilikuwa wazi, nikasikia kila neno.

"Sista, kuna shida yoyote hapa?" ofisa aliuliza.

"Za kawaida tu, mkubwa. Tunajitahidi."

"Na uko peke yako?"

"Niko mwenyewe, lakini mambo yanakwenda."

"Hongera! Laiti zote zingekuwa hivi."

Akamaliza soda yake, akaaga. Gari halijamaliza kona, watu wakafumuka kutoka uani, na dada hakukaa chini tena mpaka jua likazama. Binti alimvuta gauni mara kadhaa, kisha akarudi kukaa kwangu.

Nilichemka. "Dada, una akili timamu? Ungemwacha aone!"

"Aone nini? Vurugu?"

"Aone watu! Aone umezidiwa!"

Akanijia juu. "Mgeni akija nyumbani kwako, unamwonyesha vyombo vichafu? Waseme Sista kashindwa kazi?"

Mwaka ule mwajiriwa mpya akapelekwa zahanati ya ng'ambo ya mto. Huko muuguzi aliwapokea maofisa amebeba mtoto anayelia, foleni mpaka barabarani, na hata viti hakuwapa. "Yule hana haya," dada akasema. Haya, hana haya. Lakini ana mwenzake.

Ikawa hivyo kila mwaka. Yule ofisa simlaumu sana, alipanga kwa alichokiona. Ingawa, jamani, mtu mzima ukikuta zahanati haina mgonjwa hata mmoja, si ujiulize?

Huku kwangu mtoto akakua. Akaniita mama, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwepo. Nilimsahihisha wee, nikachoka. Dada alikuja mara chache, leo anafika, kesho anaondoka, na binti akazoea kumwita mama mkubwa kama watoto wangu wanavyomwita.

Mwishowe mgongo wa dada ukagoma. Maofisa walipokuja hakuweza hata kuinuka kitini, na hakuna aliyefagia wala kuwaondoa watu mabenchini. Muuguzi wa pili akaletwa. Dada akanipigia simu, sauti inaruka kwa furaha. "Nimempata! Jumamosi namfuata mwanangu. Nimeshamnunulia kitanda. Mwambie tu nakuja, mengine nitamwambia mwenyewe."

Binti alikuwa ameshanizidi urefu.

Jumamosi nikarudi kutoka sokoni, nikakuta nyumba siijui. Binti kapiga deki, kaficha nguo zilizokuwa zimelowekwa, katoa vile vikombe ambavyo sisi wenyewe hatuvigusi. Hata gauni lake kalipiga pasi.

"Kuna nini, mwanangu?"

"Si mama mkubwa anakuja? Tusiaibike."

Dada akafika. Binti akamwamkia shikamoo kwa adabu zote, akampa kiti kizuri, akabaki amesimama na trei mkononi.

"Marahaba, mwanangu. Una shida yoyote hapa?"

"Hapana, mama mkubwa. Tunaendelea vizuri."

Uongo mtupu! Juzi yake tu alikuwa amelia mapajani mwangu kwa kufeli hesabu.

Dada akazungusha macho. Vikombe, sakafu, mapazia. Nikaona alivyoelewa, maana kazi hiyo hakuna anayeijua kumshinda yeye. Akanywa chai yake taratibu. "Hongera," akamwambia binti. Kitanda hakukitaja.

Binti akamsindikiza mpaka getini, akarudi mbio, akavua viatu, akajitupa kwenye kochi na miguu yake juu.

"Mama!" akaniita kwa sauti yake yote. "Leo tunakula nini?"

Dirisha lilikuwa wazi. Dada alikuwa bado palepale nje ya geti, ameshika mgongo wake.