Ndege Nyeupe ya Mama Sahra

Siku ya kwanza kazini nilishtuka kuambiwa kwamba ndege huanzia mgongoni. Mimi nilikuwa nimeanza na mdomo, na mdomo ukakatika. Fundi Mkuu wa karakana yetu pale Garissa, mtu mnene asiyetoa penseli sikioni hata akienda msikitini, aliokota kazi yangu akaigeuza mara mbili.

"Hii ni nini?"

"Kanga, Fundi."

"Walahi hii ni kiazi. Kiazi imevaa manyoya."

Nilikuwa nimeajiriwa kupiga vitanda msasa. Ndege walikuwa mchezo wangu wa saa ya mapumziko, kwa vipande vya mwarobaini vilivyobaki. Shule niliishia darasa la nane, lakini ndoto sikuacha. Niliwaona ndege wangu juu ya kila kabati, kutoka Masalani mpaka Diff.

Nyinyi mnaoanza, kazi yenyewe ilikwenda hivi. Unachora umbo ubavuni mwa mbao, ukianzia mgongoni na kufuata nyuzi zake, maana bawa likikata nyuzi linavunjika kama biskuti. Unatoa umbo kwa msumeno, unachonga kwa patasi, kile chuma bapa chenye makali, daima ukisukuma mbali na vidole. Nina alama tatu za kutofanya hivyo. Kisha msasa, mkali halafu laini. Unapaka rangi nyeupe ya kuziba mbao, ikikauka unapaka rangi yenyewe. Jicho ni la mwisho: unatoboa kwa keekee, unadondosha rangi kwa njiti ya kiberiti.

Mwaka wa pili nilihamishiwa Hagadera, kwenye kambi ya wakimbizi, tulikokuwa tunatengeneza madawati. Msimamizi wa huko hakupenda mchezo wangu. "Mtoto hawezi kukalia ndege," aliniambia. "Tengeneza dawati." Lakini sokoni, nyuma ya karakana, aliuza maziwa ya ngamia Mama Sahra, na yeye aliwapenda ndege wangu. Ama nilidhani hivyo.

"Hooyo," aliniita, kama mama zetu wa Kisomali wanavyomwita mtoto kwa neno lile lile la "mama" ambalo mtoto huwaita wao, "nichongee ndege yangu. Ijumaa baada ya Alasiri naongea na Sahra kwa video. Nataka aione."

Sahra ni binti yake wa pekee, anayeishi ng'ambo.

"Ndege gani, hooyo?"

"Nyeupe. Tumbo nono. Mabawa imenyooka, haikunji."

"Mdomo je?"

"Pua iko fupi."

"Na miguu?"

"Ikiruka inaficha."

Nikachonga njiwa. Walahi alikuwa mzuri, sijawahi kuchonga kama yeye: mabawa wazi, miguu ya waya iliyokunjwa tumboni, macho mekundu. Ijumaa asubuhi nikampelekea amefunikwa kitambaa, nikisubiri dua.

Mama Sahra alifunua. Akamweka juu ya jerikeni ya maziwa, akamwangalia kama mtu aliyeletewa mtoto wa jirani.

"Hii iko na macho," alisema.

"Ndiyo, hooyo. Ni ndege."

"Ndege yangu ilikuwa na madirisha. Ile ilibeba Sahra."

Kwetu kila kitu ni "ndege ile", iwe ya manyoya au ya injini; hatusemi "ndege yule". Darasani nilichapwa kwa kosa hilo mpaka nikazoea kuchapwa, wala sikufikiri siku moja litamvunja mama moyo. Simu iliyokuwa na picha za kuondoka kwa Sahra ilipotea sokoni, akanieleza. Siku ile ya uwanjani alibaki nayo kichwani tu.

Nilirudi karakana mbio na njiwa kwapani. Nilimweleza Msimamizi, nikitarajia matusi. Akachukua msumeno.

"Shika huku, wewe! Mdomo kwanza."

Tulikata mdomo, tukang'oa miguu, tukagandisha mkia uliosimama. Macho yakawa madirisha ya rubani. Ubavuni nilitoboa mengine saba, na saba upande wa pili. Rangi ilikuwa bado inanata Alasiri ilipoadhiniwa.

Sahra alipotokea kwenye simu, mama aliinua ndege mbele ya kioo, vidole vyake vyeupe kwa rangi.

"Sahra, nionyeshe. Ulikaa dirisha gani? Nilipunga mkono kwa yote mpaka vumbi ikaisha."

Sahra alitikisa kichwa.

"Hooyo, sikukaa dirishani. Nilikaa katikati. Nilifunika uso, nikalia. Sikukuona."

Nilimtazama Msimamizi, aliyekuja nami sokoni. Alikuwa ameangalia chini. Mama Sahra aliishusha ndege mapajani, akapapasa mgongo wake polepole, akasimamisha kidole kimoja.

"Hooyo," aliniambia, "leta keekee. Toboa hapa juu."

Sasa nimeacha karakana. Nasema nimestaafu, na Fundi Mkuu akisikia anacheka, kwa sababu nina miaka ishirini na minne. Nataka kujifunza kuunda mashua Masalani. Nishaona rangi zake zote kichwani. Kuchonga ndege nimewaachia nyinyi. Anzeni mgongoni. Na mteja akisema "ndege", ulizeni kama ana macho.

Ile nyeupe bado iko pale sokoni, juu ya jerikeni. Wateja humcheka mama: ndege gani hii ina tundu paani, mvua je? Yeye huwapimia maziwa yao bila haraka.

"Hiyo ni dirisha ya Sahra," anawaambia.