Tarumbeta ya A-hiong

Mzee Khoo Tian-sang alijua kununua jembe. Huliinua, hugonga chuma kwa kucha, husikiliza. Alijua kununua nguruwe na mbegu za karanga, na mwaka juzi alijifunza kununua jeneza. Tarumbeta hakuijua.

Mjukuu wake Sin-ju, mtoto wa miaka kumi, alichaguliwa kuingia bendi ya shule. Tarumbeta za shule zilikuwa chache, zote zimeshagawiwa. Mwalimu akasema asiyekuja na yake Jumatatu, nafasi yake atapewa mwingine. Baba wa mtoto yuko kiwandani, mji wa Kaohsiung, na pesa aliyotuma mwezi ule ilikuwa imekwisha. Mezani mtoto akala wali mtupu, samaki hakumgusa.

"Nitanunua mimi," mzee akasema.

Li-chuan, mkaza mwanawe, akaweka vijiti chini, akamtazama. Tangu mkewe Kim-lien afariki, mwaka mmoja na miezi minne, mzee alikuwa na maneno mawili: "haya" na "bado".

Jumamosi wakapanda pikipiki, babu na mjukuu, mpaka dukani mjini. Mwalimu alikuwa ameandika karatasi ya mambo ya kuangalia. Mzee hakusoma shule, kwa hiyo Sin-ju akamsomea palepale mbele ya muuzaji: vitufe vitatu vishuke na kupanda bila kukwama, bomba lisiwe na ufa, na msinunue za rangi rangi. Muuzaji akaiondoa taratibu ile ya waridi aliyokuwa ameshaitoa. Akaleta ya shaba, mpya, rahisi kuliko zote. Mzee akabonyeza vitufe. Cha kwanza kikapanda. Cha pili kikashuka, kikakaa hukohuko.

Muuzaji akasema kitalainika kwa kutumika. Mzee akamjibu kwamba hata pampu yake ya maji aliambiwa hivyo, na huu mwaka wa tatu anaipiga mateke. Iliyo nzuri ilitaka bei ya nusu ya mavuno ya vitunguu saumu. Rahisi ghali, na ghali haishikiki. Wakatoka.

Kwa A-hiong alikuwa amepafikiria tangu asubuhi, na tangu asubuhi hakutaka kwenda. A-hiong alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi ya mazishi miaka thelathini. Ndiye aliyetangulia mbele ya jeneza la Kim-lien. Tangu siku ile mzee alipita njia ya nyuma, ya mfereji, asione hata paa la nyumba yake. A-hiong hakumkosea kitu. Ila sauti ile ilikuwa bado imo masikioni.

Walimkuta amekaa mlangoni anakula uji. Meno ya mbele yote yalikuwa yameng'oka.

"Kaka Tian-sang. Nilidhani umekufa hukunialika."

"Ningekualika ungepiga na nini?"

"Na ufizi," akasema A-hiong, akawaonyesha. Sin-ju akacheka.

Ndiyo hali yenyewe, akaeleza. Bila meno midomo haina pa kuegemea, na tarumbeta inalala bure. Akaitoa kwenye sanduku, imefungwa kwa fulana kuukuu. Mzee akaigonga kwa kucha, akasikiliza. Akabonyeza vitufe mara hamsini, na vyote vikapanda kama pumzi. Kulikuwa na mbonyeo mdogo ubavuni. A-hiong akasema ni mlango wa gari la maiti, sauti haikudhurika. Akataka elfu tatu. Mzee hakuomba kupunguziwa.

Akatoa bahasha mfukoni, akatia noti tatu, akainyoosha kwa mikono miwili.

A-hiong akarudisha mikono yake nyuma. "Kaka, unamzika nani?"

Mzee akatazama chini. Bahasha ilikuwa nyeupe. Za mazishi zilibaki droo tele, naye alizitumia kwa kila kitu: umeme, mbolea, daktari wa meno. Alikuwa ameacha kuziona rangi.

"Tarumbeta hii imekula bahasha nyeupe miaka thelathini," A-hiong akasema, sasa bila mzaha. "Ikitoka kwangu kwa nyeupe, itajua kazi yake ni ileile. Na huyu mtoto ataitia mdomoni kila siku. Niletee nyekundu, ya heri."

Mzee akasema atapita dukani anunue moja.

"Ya dukani ni karatasi tu. Itoke nyumbani kwako."

"Kwetu hakuna kitu chekundu," Sin-ju akasema, kama anayetaja hali ya hewa.

A-hiong akamtazama mzee. Nyumba yenye msiba haibandiki nyekundu, hilo kila mtu anajua. Lakini tanga la Kim-lien lilianuliwa mwaka ulipotimia. Mwaka mpya ukaja, majirani wote wakabandika karatasi zao nyekundu milangoni. Li-chuan akauliza. Mzee akasema bado. Mlango ukabaki uchi.

"Nitakuwekea," A-hiong akasema. "Ila Jumatatu si mbali."

Nyumbani Li-chuan alikuwa uani anakata mizizi ya vitunguu saumu. Mzee akasimama mbele yake, kofia mkononi.

"Nataka bahasha nyekundu," akasema.

Kisu kikasimama. Li-chuan akafuta mikono, akaingia chumbani, akarudi na pakiti nzima aliyoitoa chini ya mablanketi, na karatasi za mlango zimeviringishwa na kufungwa mpira.

"Nilinunua kabla ya mwaka mpya, Baba. Nikazificha."

"Ungenionyesha."

"Ungesema bado."

Kweli angesema. Mzee akachukua bahasha moja. Karatasi za mlango akazishika, akazipima kwa mkono, akamrudishia.

"Hizi za mwakani," akasema. "Usizifiche."

Waliporudi jioni ileile, A-hiong alipokea bahasha kwa mikono miwili, hakuifungua. Akampa mtoto tarumbeta, akamwonyesha namna ya kubana midomo na kuvuma kama nyuki. Mzee akaenda kusimama kando ya pikipiki, akashika usukani kwa nguvu. Alijua kinachokuja. Sauti ile ya mazishi aliisikia kila siku alfajiri kabla ya jogoo.

Sin-ju akajaza mashavu, akapuliza. Hewa tupu. Akapuliza tena, ikatoka sauti ya ndama aliyekwama matopeni.

"Yarabi," akasema A-hiong, "kwa sauti hiyo hata maiti angeinuka akajiendea zake."

Akajuta papo hapo, akamgeukia mzee.

"Kim-lien angeinuka," mzee akasema polepole, "aje amkemee huyu mtoto kwa kupuliza bila kunyoosha mgongo."

Akaachia usukani, akarudi kibarazani, akatafuta kiti.

"Nyoosha mgongo," akamwambia mtoto. "Haya, tena."