Kanga ya Binti wa Kwenye Runinga

Chumba changu cha gemu kiko nyuma ya soko la Lushoto, kwenye jengo la usharika, kwa hiyo mwenye nyumba wangu ni Mungu na wazee wa baraza humsaidia kukusanya kodi. Tangu niachane na mume wangu, chumba hicho ndicho kinachonilisha mimi na binti yangu. Basi baraza lilipotuma ujumbe kwamba linakuja kukagua maadili, na likikuta uchafu nifungashe virago, nilipiga deki hadi chini ya mabenchi.

Walikuja baada ya ibada: mwenyekiti, wazee wawili, na mama mmoja wa umoja wa akina mama. Niliwaamkia mmoja mmoja, nikawaketisha, nikawapa chai ya tangawizi. Vijana wawili walikuwa kwenye gemu ya vita, na damu iliruka hadi nikaona aibu mbele ya wageni. Nikanyoosha mkono kuizima.

"Waache," mwenyekiti alisema. "Huyu wa kulia anapiga vibaya. Anafyatua kabla ya kulenga. Shambani kwangu Shume nguruwe pori wangemaliza mahindi yote."

Akamwelekeza kijana alenge shingo. Mzee wa pili akashauri panga, maana risasi ni za kununua. Kichwa cha mtu kikabingirika mtaroni. Yule mama akapuliza chai yake, akauliza kama kuna sukari zaidi. Nikaanza kupumua vizuri.

Kisha vijana wakabadilisha gemu, akatokea binti mpiganaji: mapaja nje, kitovu nje, na kifuani kitambaa ambacho mimi ningekitumia kuepulia sufuria. Alikuwa bado hajamgusa mtu. Alisimama tu akisubiri pambano lianze.

Wazee wawili wakainamia vikombe vyao. Mwenyekiti aliendelea kumtazama, nadhani ili apate ushahidi wa kutosha.

"Huyu ana wazazi?" akaniuliza.

"Sijui, baba. Ametoka kiwandani hivyohivyo."

Akahamia Kishambaa, kama afanyavyo akikasirika, akasema mengi kuhusu watoto wetu na moto wa milele. Mama wa umoja akasimama. Alivua kanga yake ya mabegani, akaifunika runinga, akaichomeka pembeni kwa adabu kama anayemvisha mgeni. Nyuma ya kanga tulimsikia binti akimvunja mtu mgongo, na mtu akilia. Hapo wazee wakainua vikombe, wakaendelea kunywa.

Hukumu ilitolewa papo hapo. Ningebaki, mradi kanga ile ikae karibu, na kila binti akitokea afunikwe. Vita viendelee, vinawachangamsha vijana. Mwenyekiti akaomba sala ya kufunga, akamshukuru Mungu kwa kuwa leo tumelinda heshima ya mwanamke.

Nilisema amina, maana sikuwa na pa kuhamia. Lakini nilikuwa nimeshamwona mama yule akivua kanga namna ileile. Siku niliyomkimbia mume wangu nilifika mbele ya baraza hilohilo, jicho limefumba kwa uvimbe, blauzi imechanika hadi bega likawa wazi. Hawakuanza kikao. Mwenyekiti alitazama dirishani mpaka mama huyohuyo aliponifunika bega, ndipo akasema sasa tunaweza kuongea. Wakaniambia ndoa ni uvumilivu, nirudi nyumbani nikapike. Walinisitiri vizuri sana. Ila nani aliyeichana blauzi, hakuna aliyeuliza.

Kanga niliitundika kwenye msumari karibu na runinga, mahali baraza lingeweza kuiona likipita. Binti yangu aliniuliza ni ya kazi gani. Nikaishusha, nikailoweka kwenye ndoo, nikampa apigie deki.